Mataifa mawili, taifa moja au konfederesheni: tuchague ipi kwa Israel na Palestina?

Tarehe 12 Septemba 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunga mkono Azimio la New York, linalotaka Palestina iwe taifa huru kando ya Israel. Nchi 142 zilikubali, 10 zikapinga, 12 hazikuegemea upande wowote. Siku chache baadaye Uingereza, Kanada, Australia, Ureno na Ufaransa zikaitambua Palestina rasmi, hatua ambayo Tanzania iliichukua tangu 1988. Lakini Julai 2024 Bunge la Israel lilikuwa limeshapitisha azimio la kukataa taifa la Palestina magharibi ya Mto Yordani, kwa kura 68 dhidi ya 9. Kwa maneno mengine, njia inayoungwa mkono na sehemu kubwa ya dunia imekataliwa na upande ulioishika ardhi yenyewe.

Ndiyo maana mijadala yetu huishia palepale. Mmoja anasema mataifa mawili, mwingine anasema muda wake umepita, wa tatu anasema Mungu ndiye anayejua. Hapa nimejaribu kuziweka njia zilizopo bega kwa bega, ili anayetaka kuchagua achague akijua kila moja inadai nini na kwa nani.

Niseme mapema ninaposimama. Wapalestina wana haki ya kuwa huru katika nchi yao, na Waisraeli wana haki ya kulala usiku bila kuvamiwa. Anayeikataa mojawapo ya haki hizi hatafuti amani ya mezani, na ulinganisho huu hautamsaidia. Wala jambo hili haliko mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Miongoni mwa watu wapatao 1,200 waliouawa tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas, kundi la Wapalestina wenye silaha lililotawala Gaza, walipoivamia Israel, walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo, na mwili wa mmoja wao ulibaki Gaza hadi Novemba 2025. Katika vita vilivyofuata, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu zaidi ya Wapalestina 60,000 waliouawa kufikia katikati ya 2025, na karibu wakazi wote wa ukanda ule, watu takriban milioni 2, waling'olewa makwao.

Kabla ya ramani: njia ya Sinai au njia ya Oslo

Watu hukimbilia mipaka. Mimi naanza na namna ya kujadiliana, kwa sababu naamini hapo ndipo palipoharibika zaidi.

Septemba 1978 Rais Jimmy Carter wa Marekani aliwaweka Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israel kule Camp David kwa siku 13. Mkataba ukasainiwa Machi 1979. Ubora wake ulikuwa kwamba mwisho ulijulikana tangu siku ya kwanza: Sinai yote, rasi ya Misri ambayo Israel iliiteka mwaka 1967, inarudi Misri, walowezi wote, yaani Waisraeli waliohamia ardhi hiyo iliyotekwa, wanaondoka, kwa awamu, ndani ya miaka mitatu, na waangalizi wa kimataifa wanakaa katikati. Aprili 1982 mji wa Yamit ulibomolewa na wakazi waliogoma wakabebwa na askari wa nchi yao wenyewe. Kikabaki kipande kidogo cha ufukwe, Taba, ambacho kila upande ulidai ni chake. Mkataba ulikuwa umeshasema ugomvi wa namna hiyo unapelekwa kwa wasuluhishi, ukapelekwa. Mwaka 1988 Misri ikashinda, na mwaka uliofuata Israel ikakabidhi, hoteli na yote iliyokuwamo. Amani hiyo ni baridi, wananchi wa nchi hizo mbili hawapendani, lakini tangu hapo hazijapigana vita.

Mapatano ya Oslo, kati ya Israel na PLO (Chama cha Ukombozi wa Palestina), yalikuwa kinyume chake. Tarehe 13 Septemba 1993 Waziri Mkuu Yitzhak Rabin wa Israel na Yasser Arafat, kiongozi wa PLO, walipeana mikono Ikulu ya Marekani, na wengi wetu tukaamini yamekwisha. Lakini Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka, yaani mambo yote yaliyowagombanisha, yaliwekwa kiporo kwa kipindi cha mpito cha miaka mitano. PLO ilitambua haki ya Israel kuwepo. Israel iliitambua PLO kuwa mwakilishi wa Wapalestina, basi. Neno "taifa la Palestina" halikuandikwa kama hatima. Hapakuwa na msuluhishi mwenye nguvu ya kumlazimisha anayekiuka.

Kiporo hicho kikachacha. Februari 1994 mlowezi aliwapiga risasi na kuwaua waumini 29 katika Msikiti wa Ibrahimi mjini Hebron. Hamas wakaanza kulipua mabasi. Novemba 1995 Rabin aliuawa na Myahudi mwenye msimamo mkali aliyeona amani hiyo ni usaliti. Wakati huohuo ujenzi haukusimama: walowezi wa Ukingo wa Magharibi (ardhi ya Wapalestina iliyo kati ya Israel na Mto Yordani), bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, walikuwa kama 110,000 mwaka 1993, na leo wamepita 500,000. Eneo C, karibu asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, lilipaswa kukabidhiwa kwa Wapalestina hatua kwa hatua baada ya makubaliano ya 1995. Mpaka leo liko chini ya jeshi la Israel.

Nakiri Sinai haikuwa na Jerusalem, na Misri ilikuwa nchi yenye jeshi, ilhali Mpalestina anakaa mezani akiwa chini ya utawala wa anayejadiliana naye. Hata hivyo tofauti ya muundo inabaki kuwa kubwa. Ndiyo maana nina wasiwasi na mpango wa Gaza uliofuatia usitishaji mapigano wa Oktoba 2025. Azimio 2803 la Baraza la Usalama, la Novemba 2025, linaruhusu kikosi cha kimataifa na chombo cha mpito cha kusimamia Gaza, mambo ambayo Oslo haikuwa nayo. Lakini kuhusu taifa la Palestina linasema tu kwamba mazingira yanaweza kuwa tayari baada ya Mamlaka ya Palestina, serikali ya ndani ya Wapalestina iliyozaliwa na Oslo, kujirekebisha na ujenzi kusonga mbele. Tarehe hakuna, mpaka hakuna. Ukilitazama hivyo, lina silaha za Sinai na kalenda ya Oslo.

Mataifa mawili

Nguvu kubwa ya njia hii ni kwamba haianzi na karatasi tupu. Ina sheria upande wake: azimio 242 la Baraza la Usalama la 1967, linaloitaka Israel iondoke katika ardhi iliyoiteka vitani, na maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Julai 2024 yaliyosema kuwepo kwa Israel katika maeneo iliyoyatwaa mwaka 1967 ni kinyume cha sheria na kukome. Ina majirani upande wake: tangu mkutano wa Beirut wa 2002, nchi za Kiarabu zimeahidi uhusiano wa kawaida na Israel iwapo itarudi kwenye mstari wa 1967, yaani mpaka uliokuwapo kabla ya vita vya mwaka huo, na suluhu ya haki ikapatikana kwa wakimbizi. Na karibu kila kifungu kimeshaandikwa, kuanzia mapendekezo ya Bill Clinton ya Desemba 2000, mazungumzo ya Taba ya Januari 2001, hadi rasimu ya Geneva ya 2003 iliyoandaliwa na Waisraeli na Wapalestina wasio serikalini.

Walifika karibu kiasi gani? Tazama Septemba 2008. Waziri Mkuu Ehud Olmert alimfunulia Mahmoud Abbas, rais wa Wapalestina, ramani kubwa: Israel ingebaki na zaidi kidogo ya asilimia 6 ya Ukingo wa Magharibi na kulipa ardhi inayokaribia hiyo kutoka upande wake, pamoja na njia ya kuunganisha Gaza na Hebron. Jiji la Kale la Jerusalem lingesimamiwa na nchi tano, ambazo ni Israel, Palestina, Jordan, Saudi Arabia na Marekani. Wakimbizi wangeruhusiwa kurudi Israel wachache mno, maelfu kwa miaka kadhaa, huku waliosajiliwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, wakiwa ni mamilioni. Olmert alikataa kumpa Abbas nakala kabla hajaitia sahihi. Abbas akarudi ofisini kwake akaichora kwa kalamu, kwa kukumbuka, kwenye karatasi ya barua. Hakurudi na jibu. Olmert mwenyewe alikuwa ameshatangaza kujiuzulu kwa sababu ya tuhuma za rushwa, na miezi mitatu baadaye vita vikalipuka Gaza. Wapo wanaomlaumu Abbas kwa kutosaini, wapo wanaouliza ni nani angesaini ramani asiyoruhusiwa kuondoka nayo, na waziri mkuu anayeondoka madarakani. Mimi naona wote wawili walichelewa, na Olmert zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na cha kutoa.

Gharama yake sasa ni walowezi. Mwaka 2005 Waziri Mkuu Ariel Sharon aliwaondoa walowezi wapatao 8,000 kutoka Gaza na Israel nzima ikatikisika. Taifa la Palestina lenye ardhi iliyoungana, hata baada ya kubadilishana ardhi, lingehitaji kuwaondoa watu ambao makadirio mengi huwataja kuwa zaidi ya 100,000, wengi wao wakiishi ndani kabisa ya milima na wakiamini wako pale kwa agizo la Mungu. Halafu kuna E1, eneo la kilomita za mraba 12 hivi kati ya Jerusalem Mashariki na kitongoji cha Ma'ale Adumim. Kwa miongo mpango wa kujenga pale ulizuiwa na shinikizo la Marekani na Ulaya. Agosti 2025 nyumba zipatazo 3,400 zikaidhinishwa, na waziri Bezalel Smotrich akasema wazi kwamba lengo ni kulizika wazo la taifa la Palestina. Alijua anachokisema: hapo ndipo penye upenyo wa Wapalestina kati ya Ramallah kaskazini na Bethlehem kusini.

Kwa hiyo anayechagua mataifa mawili anachagua pia kuibana Israel isimamishe ujenzi kabla ya mazungumzo. Kuitambua Palestina huku nyumba zinaendelea kujengwa ni kutambua nchi ambayo ardhi yake inapungua.

Taifa moja

Kati ya Mto Yordani na Bahari ya Mediterania kuna Wayahudi wapatao milioni 7 na Wapalestina wapatao milioni 7. Wanaopendelea taifa moja wanasema: wapeni wote kura, hakuna wa kuhamishwa, Jerusalem haigawanywi, mkimbizi anarudi. Kwa haki tupu, sijui hoja inayoizidi hii. Wala si wazo geni. Tangu 1925 kikundi cha Wayahudi wasomi mjini Jerusalem kilichoitwa Brit Shalom kilitetea nchi ya watu wawili walio sawa, na mwaka 1947, wakati kamati ya Umoja wa Mataifa ilipopendekeza kuigawa Palestina, wajumbe wa India, Iran na Yugoslavia walipendekeza nchi moja ya shirikisho.

Tatizo lake liko mezani, maana ni nani angekuja kulijadili? Hakuna chama kikubwa cha Wayahudi wa Israel kinacholitaka. Unawaambia watu walioanzisha nchi miaka mitatu baada ya kuuawa Wayahudi milioni 6 Ulaya kwamba waiweke nchi hiyo kwenye kura, tena baada ya 7 Oktoba. Na Mpalestina naye ambaye ndugu zake wamezikwa chini ya kifusi cha Gaza anaombwa akae jeshi moja na polisi mmoja na waliorusha mabomu, akiiacha bendera aliyoipigania.

Tena ukimsikia mtu anadai taifa moja, muulize kuhusu kura kabla hujamuunga mkono. Upande wa kulia wa Israel nao una taifa moja lake. Sheria ya 2018 inasema haki ya kujiamulia mambo kitaifa ndani ya Israel ni ya Wayahudi peke yao, na wanaotaka kuutwaa Ukingo wa Magharibi hawana nia ya kuwapa wakazi wake uraia.

Konfederesheni

Hii ndiyo iliyonifikirisha zaidi, na ndiyo inayojulikana kidogo zaidi kwetu. Mwaka 2012 mwandishi wa habari wa Israel, Meron Rapoport, na mwanaharakati wa Kipalestina, Awni al-Mashni, walianzisha vuguvugu linaloitwa Nchi kwa Wote. Mwaka 2022 Yossi Beilin, mmoja wa waasisi wa Oslo, na mwanasheria wa Kipalestina Hiba Husseini walitoa rasimu inayofanana nalo.

Mataifa yanabaki mawili, mpaka ni ule wa 1967, kila moja lina bunge na uraia wake. Kinachobadilika ni kwamba uraia unatenganishwa na makazi. Mlowezi anayekubali sheria za Palestina anaweza kubaki pale kama mkazi wa kudumu na kupiga kura Israel. Idadi inayolingana ya Wapalestina, wakiwamo wakimbizi, wanaweza kuishi Israel na kupiga kura Palestina. Jerusalem inakuwa mji mkuu wa wote wawili bila ukuta katikati. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu: Mkenya anaishi na kufanya kazi Arusha akiwa bado Mkenya, na uchaguzi ukifika anachagua wa kwao.

Linganisha na mataifa mawili ya kawaida pale panapouma zaidi. Kwa mlowezi, la kwanza linamng'oa, hili linamwachia achague. Kwa mkimbizi wa Lebanon ambaye babu yake alitoka Haifa, la kwanza linampa fidia na pasipoti ya Ramallah, hili linampa uwezekano wa kuishi Haifa kwenyewe. Kwa Mpalestina wa Jerusalem Mashariki tofauti ni kubwa zaidi. Leo yeye ni mkazi tu katika mji aliozaliwa. Israel ikiamua kwamba maisha yake yamehamia kwingine inamfutia kibali, na tangu 1967 imewafutia zaidi ya 14,000. Mpaka mgumu ungempitia barabarani kwake, kazini huku na shangazi kule.

Udhaifu wake nao si wa kufunika. Mpaka wazi unadai imani ambayo haipo. Kijana mwenye silaha wa kitongoji cha Hebron hatamtii askari polisi wa Kipalestina kwa sababu tu mkataba umesema hivyo. Na uchumi haulingani: pato la Mwisraeli mmoja linazidi la Mpalestina zaidi ya mara kumi, hivyo milango ikifunguliwa siku moja, mmoja atanunua na mwingine atauza. Rasimu zenyewe zinakubali kwamba milango ifunguliwe kwa awamu.

Kuacha mambo yalivyo

Hakuna anayeitangaza njia hii, lakini ndiyo iliyotawala kwa miaka mingi. Serikali za Benjamin Netanyahu ziliamini mgogoro unaweza kusimamiwa bila kutatuliwa: fedha za Qatar ziruhusiwe kuingia Gaza ili Hamas watulie, Mamlaka ya Palestina ibaki dhaifu, na amani itafutwe na Imarati na Bahrain kwa mikataba ya 2020 iliyompita Mpalestina pembeni. Tarehe 7 Oktoba 2023 ilionyesha gharama yake kwa Waisraeli. Kwa Wapalestina gharama ilikuwa ya kila siku.

Nenda Hebron uione. Tangu 1997 mji umegawanywa, na katika sehemu iliyo chini ya jeshi walowezi mia kadhaa wanaishi katikati ya Wapalestina zaidi ya 30,000. Mtaa wa Shuhada, uliokuwa soko, milango ya maduka imefungwa na wenyeji wengi hawaruhusiwi kupita. Kwenye vichochoro vya soko la zamani wachuuzi wametandaza wavu wa chuma juu ya vichwa vyao kuzuia takataka zinazotupwa kutoka nyumba za walowezi za juu. Gari lenye kibao cha njano linapita, la kibao cha kijani linasimama kwenye kizuizi. Anayesema tusubiri mazingira yaive, anawaambia wachuuzi hao waongeze wavu.

Ninachochagua, na nani atie sahihi

Mimi nachagua mataifa mawili kwenye mstari wa 1967, yajadiliwe kwa mtindo wa Sinai: mwisho uandikwe kwanza, tarehe ziandikwe, msuluhishi na kikosi cha kimataifa viwe na meno. Kuhusu Jerusalem na haki ya watu kuishi upande wa pili nafuata konfederesheni, milango ikifunguliwa kadiri usalama unavyothibitika. Lakini chaguo hili lina muda. E1 ikijengwa yote na Eneo C likitwaliwa, sitaendelea kutetea ramani isiyokuwepo. Nitadai kura moja kwa kila mtu kati ya mto na bahari, nikijua kwamba njia hiyo itakuwa ndefu zaidi na pengine ya damu zaidi.

Kwa vyovyote, karatasi itahitaji mtu wa kuisaini ambaye watu wake watamfuata. Israel angalau huchagua, na serikali ikibadilika msimamo unaweza kubadilika, kama ulivyobadilika 1992 Rabin alipoingia. Wapalestina hawajachagua rais tangu Januari 2005 wala bunge tangu Januari 2006, Hamas walipopata viti 74 kati ya 132. Mwaka uliofuata Gaza na Ramallah zikatengana kwa bunduki, Hamas wakashika Gaza na Fatah, chama cha Abbas, kikabaki Ramallah. Marwan Barghouti wa Fatah, ambaye kura za maoni kwa miaka zimemtaja kuwa angemshinda yeyote, yuko gerezani tangu 2002 akitumikia vifungo vitano vya maisha. Mwaka 2006, akiwa humohumo gerezani, yeye na wafungwa wa makundi mengine, Hamas wakiwamo, waliandika waraka uliokubali taifa kwenye ardhi ya 1967. Uchaguzi ulikuwa umepangwa Mei 2021. Abbas akauahirisha, akisema Israel haijakubali Wapalestina wa Jerusalem Mashariki wapige kura.

Serikali zetu zinapoalikwa kuchangia fedha, wanajeshi au kura kwa ajili ya Gaza, sharti la kwanza ningependa liwe hilo: uchaguzi wa Wapalestina wenye tarehe, Gaza, Ukingo wa Magharibi na masanduku ya kura Jerusalem Mashariki, na kikosi hichohicho cha kimataifa kikiwa na jukumu la kuyalinda.